Mhafidhina wa Taifa Aomba Ruhusa ya Kufiwa

Ningependa kuitaja nchi yetu kwa jina, ila jina limepelekwa kufanyiwa ukarabati na kamati bado haijalirudisha. Kwa sasa tunasema "hapa". Ukiulizwa mpakani unatoka wapi, unajibu unatoka hapa, na askari anagonga muhuri. Mwanzoni tulishangaa, kisha tukazoea. Ni nchi nzuri. Mvua zinanyesha, shule zipo, na mimi niliyemaliza chuo na kungoja ajira bado nina matumaini nayo makubwa.

Katika nchi hii yupo Mzee Nestori Mwakapugi, mwanablogu wa siasa aliyepata kusomwa kuliko wote. Zamani alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Blogu yake iliitwa Palepale, na juu kabisa, chini ya picha yake akiwa amevaa koti la marehemu baba yake, palikuwa na maneno haya: Tulipo panatosha.

Nestori alikuwa mhafidhina wa kweli. Nasema wa kweli kwa sababu wapo waliokuwa wahafidhina saa za kazi tu. Yeye aliamini kwa moyo wote kwamba watu hujulikana kwa namna wanavyosalimiana, wanavyooana na wanavyozikana, na kwamba yaliyobaki ni mapambo. Kijana akimpita mtu mzima bila kumwamkia, Nestori alishindwa kula.

Makala iliyompa jina ilihusu shimo. Lilikuwa katikati ya barabara ya hospitali, na bata wa mtaa walifundishia vifaranga vyao kuogelea humo. Wananchi walitaka lizibwe. Nestori akaandika kwamba babu zetu walilikwepa shimo lile, baba zetu wakalikwepa, na katika kulikwepa walijifunza subira. Kizazi kinachotaka barabara laini leo, kesho kitataka nini? Serikali, iliyokuwa imekosa la kusema kuhusu shimo hilo miaka nenda rudi, ilifurahi mno. Waziri alikuja akalizindua. Likazungushiwa uzio na kuwekewa kibao cha Urithi wa Taifa, na wagonjwa wakaanza kupitishwa kwenye shamba la mahindi.

Umeme ulipokatika nchi nzima, Nestori aliandika kwamba giza ndilo lililotangulia. Maji yalipokauka bombani, aliwakumbusha wasomaji heshima aliyokuwa nayo mwanamke aliyebeba ndoo. Mke wake, Eufrasia, aliyekuwa amebeba ndoo asubuhi hiyo, alisoma akacheka kidogo na kuendelea kuosha vyombo.

Mwishowe akatunukiwa cheo cha Mhafidhina wa Taifa. Hapa kwetu kila andiko husomwa kwanza na Idara ya Kutangulia Kusoma, ndipo wananchi nao wasome. Lakini Idara iliona kwamba kumkagua Nestori ni kumkosea adabu. Akapewa muhuri wa kijani unaojigonga wenyewe: Imekubalika. Tangu hapo Idara haikumsoma. Wananchi nao walibonyeza "Naunga mkono" wakisha kuona picha ya koti, maana maofisini waliochelewa kubonyeza waliulizwa kama wanaumwa. Kwa hiyo mwanablogu aliyesomwa kuliko wote hakuwa anasomwa na mtu, na nchi ilikuwa tulivu.

*

Kila mwaka tunaadhimisha Siku ya Utulivu. Mwaka huu lilijengwa Jukwaa Kuu la Utulivu, refu kuliko kanisa, ili viongozi wakae juu na wananchi wautazame utulivu kwa chini. Mafundi walikuwa bado wanafunga nyaya chini yake wakati viongozi walipopanda kufanya mazoezi ya kukaa.

Jukwaa likaanguka.

Viongozi, kwa kuwa walikuwa juu, walishuka nalo wakiwa wamekaa, wakajikung'uta vumbi. Jioni Msemaji Mkuu, Dokta Kanuti Ndembeka, alizungumza na waandishi wa habari.

"Jukwaa halikuanguka," alisema. "Jukwaa limekaa. Na hata kama lingeanguka, jambo ambalo halikutokea, lingeanguka kwa utulivu."

"Na mafundi waliokuwa chini?" mwandishi mmoja aliuliza. Alikuwa mgeni kazini.

"Wapo kazini. Natumia nafasi hii kuwapongeza kwa kutoondoka mahali pa kazi."

Siku ya pili yake kifusi kilifunikwa kwa udongo, zikapandwa nyasi, na pakaitwa Bustani ya Utulivu. Kwa kuwa hakuna baya lililotokea, neno "pole" lilisimamishwa kwa muda. Aliyekuwa na haja nalo alishauriwa kutumia "hongera".

Nestori aliandika siku ileile jukwaa lilipokaa, mchana, kabla hata Msemaji hajamaliza kunyoa ndevu. Kichwa cha habari kilikuwa: Jukwaa Limekaa, Nasi Tukae. Alikuwa ameona kwenye televisheni kundi la wanawake wakilia langoni mwa uwanja, mmoja wao amejifunika uso kwa khanga. Akaandika kwamba wanawake wale ni wazi wamekodiwa. "Mama wa kweli wa nchi hii," aliandika, "hulilia nyumbani, msibani, juu ya jamvi, kwa utaratibu tuliorithi." Muhuri wa kijani ukajigonga.

Jioni mke wake akaingia. Khanga yake ilikuwa na udongo mwekundu.

"Umechelewa, Mama Gervasi," Nestori alisema. "Ulikuwa wapi?"

"Langoni."

"Lango gani?"

"Hilo uliloliandika."

Gervasi alikuwa mtoto wao wa pekee. Alikuwa fundi wa vipaza sauti, kijana wa maneno machache aliyefanya kazi ya kuwakuzia wengine sauti. Baba yake alikuwa akimsumbua kila Jumapili: utanipa harusi lini?

Eufrasia alikaa kwenye kiti cha karibu na mlango, kile cha wageni.

"Nimemwona," alisema. "Walimfukua mpaka kifuani. Nikamwita, nikamfuta mchanga machoni. Halafu wakaja watu wa televisheni, wakubwa wakasema mrudishieni udongo. Wakaniambia, mama sogea, unaharibu picha."

"Labda alikuwa amezimia."

"Baba Gervasi, nimemzaa mimi. Namjua akilala na namjua akizimia."

Simu yake mezani iliendelea kutetemeka. Watu walikuwa wanaunga mkono.

"Mwenzangu mmoja pale langoni alinisomea ulichoandika," Eufrasia alisema. "Mumewe yuko humo humo. Akaniuliza, dada, mimi sijalipwa, wewe umelipwa na nani?"

"Sikujua kuwa ni wewe."

"Ungejua, ungeandikaje?"

Nestori aliinuka akafanya kile ambacho mwanamume wa nchi hii hufanya akifiwa. Alianza kutoa viti nje.

*

Viti vikitoka nje kwetu, mtaa mzima unajua. Aliyefika kwanza alikuwa balozi wa mtaa, mama mmoja mwema aitwaye Perusi, anayependa watu na anayeripoti kila kitu.

"Mzee, viti vya nini?"

"Nimefiwa."

"Huwezi." Perusi alikaa kwenye kimojawapo. "Huwezi kufiwa, mzee wangu, mpaka apatikane aliyekufa. Na umeandika mwenyewe kwamba hayupo. Nimeunga mkono kwa mkono wangu huu."

"Perusi, Gervasi umempakata."

"Nimempakata. Ndiyo maana nakwambia rudisha viti ndani. Nenda kaombe ruhusa. Wewe ni mtu wao, watakupa tu."

Hilo lilimwingia Nestori. Alikuwa mtu wa taratibu, na ombi lake halikuwa kubwa. Hakutaka jina la aliyejenga jukwaa. Hakutaka mtu ajiuzulu. Mwili hakutaka tena, maana nyasi zilishaanza kumwagiliwa. Alitaka kukaa matanga: jamvi chini, watu waje, wamtaje mtoto wake kwa jina, walie, wale ugali na maharage, waondoke matanga yakishaanuliwa. Ndivyo alivyozikwa babu yake. Ndivyo alivyozikwa kila mtu aliyemfahamu.

Siku mbili baadaye alikwenda kwenye Idara ya Hali za Wananchi. Akapokewa na Bwana Ladislausi Chogo, afisa kijana mwenye tai, aliyesimama kwa heshima.

"Shikamoo, mzee! Mimi nakusoma kila siku."

"Marahaba. Ya juzi uliisoma?"

"Kichwa chake kilinigusa sana."

"Nimekuja kuomba kufiwa."

Ladislausi aligusa kompyuta yake. Akatabasamu. "Gervasi Mwakapugi. Huyu hapa, yupo kazini. Tena hongera, mzee! Tangu siku ile hajatoka hata kwenda kula. Ametajwa mfanyakazi bora."

"Amekufa."

"Na bidii yote hii?"

"Mama yake amemwona."

"Mama yake ni mfanyakazi wa serikali?"

"Hapana."

"Basi hajamwona kiserikali." Ladislausi alishusha sauti; kwa kweli hakuwa mtu mbaya, na mimi naamini vijana wengi katika utumishi wa umma si wabaya. "Mzee wangu, mila ni mila, nani azikatae? Mimi kukuruhusu kusikitika sina tatizo. Tatizo ni turubai. Turubai na jamvi na sufuria kubwa, huo ni mkusanyiko. Na mikusanyiko inayoruhusiwa kwa sasa ni kipaimara, harusi na kumpongeza kiongozi."

"Kipaimara alishapata," Nestori alisema.

"Basi harusi."

"Harusi ya nani?"

"Ya Gervasi. Wewe si ulikuwa unataka aoe? Mtafunga turubai, watu watakuja, mtakula. Mtakayokuwa nayo moyoni ni ya moyoni, sisi huko hatujafika. Bado."

"Na bwana harusi?"

"Yupo kazini."

"Bibi harusi?"

"Anajiandaa. Mzee, umewahi kwenda harusi gani ambayo bibi harusi hakuwa anajiandaa?"

Nestori alifikiri. Turubai ni turubai, alijiambia. Watu watakuwa walewale. Akapeana mkono na Ladislausi, akashukuru, kwa sababu hivyo ndivyo mtu aliyelelewa vizuri hufanya.

Eufrasia alimsikiliza mpaka mwisho. "Harusi," alisema.

"Ndilo lililopatikana, Mama Gervasi."

"Haya. Nitavaa nyeusi kwa ndani."

*

Harusi ilikuwa Jumamosi. Turubai lilifungwa, na kwa kuwa harusi bila mapambo inaleta maswali, likafungwa vitambaa vya pinki. Majirani wakaja. Walipita mbele ya Eufrasia mmoja mmoja, macho chini.

"Hongera, mama."

"Ahsante."

"Hongera sana, mama. Mungu akutie nguvu."

"Ahsante. Karibu ukae."

Wanawake walikaa kwenye jamvi, mgongo kwa mgongo. Wanaume walikaa kwenye viti, mikono mashavuni. Hakuna aliyesema jambo. Nestori alitazama, akaona kwamba ukiacha vitambaa vya pinki, palikuwa karibu kabisa na msiba, na moyo wake ukatulia kwa mara ya kwanza.

Ndipo alipofika Mkuu wa Wilaya, Mheshimiwa Skolastika Lugome, na mshereheshaji wake, kijana wa miwani ya jua aitwaye MC Kifaru. Harusi ya mtoto wa Mhafidhina wa Taifa isingeweza kuachwa ijiendee yenyewe.

"Mbona mmepoa hivi?" MC Kifaru alipaza sauti. "Au pilau bado? Baba mwenye nyumba, toa tabasamu, kamera hiyo inakuangalia!"

Nestori akatoa.

Mkuu wa Wilaya alipewa kipaza sauti. "Ndoa," alisema, "ni kama jukwaa." Watu wote wakaacha kutafuna. "Ikijengwa juu ya msingi mbovu, huanguka. Ikijengwa na serikali, hukaa. Nampongeza bwana harusi, ambaye hata leo, siku yake kubwa, amechagua kubaki kazini. Kijana huyu hatatoka pale! Vijana wangapi leo wana moyo huo?"

"Hakuna!" MC Kifaru alijibu kwa niaba yetu. "Sasa akina mama, mama mzaa chema asimame! Namtaka yeye mwenyewe! Vigelegele vya Gervasi!"

Eufrasia alisimama. Tangu siku ya langoni alikuwa hajatoa sauti kubwa. Alifungua mdomo, na sauti ikaanza kama kigelegele, juu, nyembamba, kisha ikapasuka katikati na kushuka, ikaendelea kushuka. "Gervasi," alisema. "Gervasi, mwanangu wee." Wanawake waliokuwa kwenye jamvi wakampokea. Walishika vichwa. Mmoja alijiangusha chini, wengine wakamshika.

"Furaha hiyo!" alipiga kelele MC Kifaru. "Haijawahi kutokea!"

Televisheni ya taifa ilionyesha yote, na maandishi chini yake: Mama wa Bwana Harusi Azidiwa na Furaha. Mkuu wa Wilaya mwenyewe alionekana akijifuta machozi, na baadaye aliulizwa sababu akasema hajui, labda ni vitunguu.

Kisha, saa ya harusi kwisha ilipofika, vijana wa wilaya wakafungua kamba.

"Mnafanya nini?" Nestori aliuliza.

"Harusi imekwisha, mzee," alisema Mkuu wa Wilaya. "Harusi ni alasiri moja. Kwani ulitaka watu walale hapa?"

"Ndiyo."

Mkuu wa Wilaya alicheka, akampiga begani. "Kesho tunataka tuione Palepale. Harusi ya Gervasi Yafana. Taifa linakusubiri."

Turubai likakunjwa. Watu wakatawanywa wakiwa na machozi nusu. Perusi aliondoka wa mwisho, akiwa amebeba sahani ya pilau ambayo hakuigusa.

*

Asubuhi Nestori alikaa mezani, simu mkononi. Aliandika "Harusi". Akafuta. Aliandika tena. Eufrasia alikuwa anachambua mchele uliobaki.

"Mama Gervasi, zamani redioni walikuwa wanaanzaje?"

Sisi vijana hatukumbuki vizuri, lakini wazazi wetu wanasema kulikuwa na kipindi cha matangazo ya vifo. Kiliondolewa kwa sababu kilikuwa kinashusha morali.

"Walianza na jina la anayetangaza," Eufrasia alisema. "Bwana fulani wa mahali fulani anasikitika kutangaza kifo cha mwanawe mpenzi."

"Mpenzi walikuwa wanasema?"

"Walikuwa wanasema. Hata kama walikuwa hawaongei."

Akaandika. "Kilichotokea wapi?"

"Sema kilipotokea."

Akasema kilipotokea. Kisha wakaingia kwenye sehemu ngumu, ya watu wa kupelekewa habari, na hapo walibishana kama watu wanaoandaa msiba wowote.

"Umemsahau shangazi yake wa Lumemo."

"Tumegombana naye."

"Kwenye msiba hakuna kugombana. Mwandike. Na yule aliyembatiza."

"Habari ziwafikie," Nestori alisoma kwa sauti, "shangazi wa marehemu aliyeko Lumemo, padre aliyembatiza, mafundi wenzake wote popote walipo, na walimu waliomfundisha. Habari pia ziifikie serikali, ambayo ndiyo iliyokuwa ikimhesabu kazini. Matanga yanakaliwa nyumbani kwa baba wa marehemu. Ndugu na marafiki mnapopata habari hizi, mjulishane."

"Hapo ndipo walipokuwa wanamalizia," Eufrasia alisema.

"Najua."

Juu aliandika: Taarifa kutoka Familia ya Mwakapugi. Akabonyeza. Muhuri wa kijani ukajigonga: Imekubalika.

Maelfu waliunga mkono kabla ya chai. Dokta Ndembeka aliisambaza kwenye kurasa zake zote akiwaagiza vijana waisome wajifunze uzalendo, na wapo vijana walioisoma. Kufikia mchana ilikuwa imebandikwa kwenye mbao za matangazo za wizara zote. Idara ya Kutangulia Kusoma ilipoambiwa kuna tatizo, iliomba muda, kwa sababu ilibidi kumtafuta mtumishi anayeweza kusoma mpaka mwisho.

Ladislausi ndiye aliyepiga simu.

"Mzee, umefanya nini? Umegeuka mwanamapinduzi?"

"Mimi sijabadili kitu, mwanangu. Mtu akifa, hutangazwa. Ndivyo ilivyokuwa, na mimi ni mhafidhina."

"Watakuvua cheo!"

"Wakivue."

Wakakivua saa ileile. Palepale ikafungwa, picha ya koti ikatoweka, na shimo la barabara ya hospitali, kwa kuwa lilihusishwa naye, likazibwa.

Nestori hakuona yote hayo. Alikuwa ametoa viti nje. Turubai hakuwa nalo, jua lilikuwa kali, na Eufrasia alitandika jamvi chini ya ukingo wa paa. Perusi alikuja akakaa bila kuambiwa. Alisema yupo hapo kikazi, anachunguza, kisha akavua viatu. Askari wawili walitumwa kuja kutawanya mkusanyiko. Walikuta watu wachache wamekaa kimya, wakasimama ng'ambo ya barabara kungoja wafikie idadi ya kuitwa mkusanyiko.

Aliyefuata hakufahamika na mtu. Alikuwa mwanamke wa makamo, amebeba mzigo wa kuni kichwani kama tunavyobeba tukienda msibani, na vumbi la safari lilimfika magotini.

"Hodi. Ndipo hapa kwenye msiba?"

"Ndipo," Eufrasia alisema. "Karibu."

Mwanamke alitua kuni. Hakukaa.

"Nimesomewa tangazo. Mimi wangu alikuwa seremala. Kwetu wamenikatalia, wanasema yupo kazini." Alifunga upya khanga yake kiunoni, ingawa haikuwa imelegea. "Nilikuwa nauliza, mama, naweza kumlilia hapa?"

Eufrasia akasogea kwenye jamvi.

"Aliitwa nani?" aliuliza.

Mwanamke akakaa, akalitaja jina. Nestori alitazama barabara. Wengine walikuwa wanakuja, mbali kidogo, wakiwa na kuni zao, na askari ng'ambo walikuwa wamesimama wima wakiwahesabu. Akainuka kwenda kwa jirani kuazima jamvi jingine.